Barua ya wazi kwa bodi ya Sound Transit, shirika la treni za Seattle: treni ya kusini iendelee kusimama Chinatown

Waheshimiwa wajumbe wa bodi, na wewe Bwana Dow Constantine, mtendaji mkuu,

Salamu kutoka Tukwila, kusini ya Seattle. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na huu ni mwaka wa kumi na mbili nafanya usafi hospitalini, zamu ya usiku, juu ya kilima cha First Hill. Kiingereza cha kuandikia barua ninacho, na nakala ya Kiingereza nitawaletea. Hii ya Kiswahili nimeitanguliza makusudi. Ninaopanda nao treni, Wakongo wa Kent, Wakenya wa SeaTac, Wasomali waliojifunza Kiswahili wakipitia Kenya, wengi wao hawana habari kwamba huenda siku moja treni yao ikaacha kusimama Chinatown. Bodi yenu hukutana Alhamisi saa saba na nusu mchana. Saa hiyo sisi tumelala. Tumetoka kazini asubuhi, tumepeleka watoto shule, tumefunga mapazia.

Kituo kilipo sina haja ya kuwaelekeza, kwa kuwa ofisi zenu zimepakana nacho. Union Station, jengo lililofunguliwa 1911 kwa ajili ya treni na kukoma kupokea treni mwaka 1971, leo ndiyo makao makuu yenu. Nyuma yake, kati ya Fourth Avenue na Fifth Avenue, kuna uwanja wa matofali, na ngazi zinazoteremka hadi relini. Handaki lenyewe lilifunguliwa Septemba 1990 likiwa la mabasi. Reli ilianza kubeba abiria Julai 2009, mabasi yakaondolewa 2019. Ukitoka juu upande wa Fifth Avenue unaliona lango la Chinatown, lile lililozinduliwa 2008, limesimama mwanzo wa South King Street na vigae vyake.

Kwenye ramani zenu kinaitwa International District/Chinatown. Sisi tunasema "nashukia Chinatown" na kila mtu anaelewa.

Ni kituo kidogo, lakini sijui kingine katika jiji hili kinachounganisha mambo mengi kiasi hicho. Ukivuka Fourth Avenue uko kituo cha King Street, kwenye treni za masafa marefu za Amtrak na zile za Sounder za asubuhi na jioni. Ukitoka upande wa Jackson Street unakuta tramu ya First Hill, iliyoanza Januari 2016, ambayo ndiyo inayonipandisha mimi hadi kazini. Laini ya 2, ile ya Bellevue na Redmond inayovuka Ziwa Washington juu ya daraja linaloelea, mmeijenga iungane na laini ya 1, hii yetu ya kusini, hapo hapo. Kasoro yake tunaijua: majukwaa yako pembeni, moja kila upande, kwa hiyo anayetoka kusini akitaka kwenda Bellevue hana budi apande juu, avuke, ateremke upande wa pili. Mwenye mtoto mgongoni na mfuko wa mchele mkononi atawaeleza vizuri zaidi kuliko mimi. Hata hivyo ni kupanda na kushuka ndani ya kituo kimoja. Hatutoki kwenda kutafuta kituo kingine mitaa kadhaa mbele, mvua ya Novemba ikitupiga.

Na huo mfuko wa mchele una habari yake. Msidhani tunapita Chinatown kama tupitavyo kituo cha Westlake katikati ya jiji, macho kwenye simu. Asubuhi nikishuka kutoka kilimani nangoja maduka yafunguliwe. Humo ndimo ninamopata nazi iliyokunwa na kugandishwa, mihogo, bamia changa, majani ya mchaichai, tangawizi isiyonyauka, na samaki mzima mwenye kichwa chake. Vidagaa vyao vikavu havikutoka Kigoma, lakini ukivipika kwa nyanya na pilipili mtoto aliyezaliwa hapa hajui tofauti. Kuna mzee wa Kivietinamu huko juu, Twelfth Avenue, anayeniita "dada" kwa sababu alinisikia nikiitwa hivyo na Mkongo mmoja dukani. Hajui maana yake. Nimemwacha.

Kwa hiyo ninapowaandikia kuhusu kituo, naandika kuhusu sokoni kwetu vilevile.

Sasa nieleze jambo lenyewe, kwa faida ya wasomaji ambao hawakukaa kwenye mikutano. Mpango uliopigiwa kura Novemba 2016, wa dola bilioni 54, uliahidi handaki la pili chini ya jiji, na ndani yake kituo kipya Chinatown, jirani na hiki cha sasa. Handaki likiisha, treni zitagawana njia. Zile za West Seattle zitaingia handaki la zamani na kuendelea kaskazini hadi Everett, na zile za Bellevue zitabaki humo humo. Zetu za kusini, zinazotoka Tacoma, Federal Way, uwanja wa ndege, Tukwila na Rainier Valley, zitahamishiwa handaki jipya kwenda Ballard, kaskazini-magharibi ya jiji. Katika mpango ule wa mwanzo haikuwa taabu, kwa sababu handaki jipya lilikuwa na kituo pale pale. Ungeshuka kwenye treni yako, ukapanda juu, ukawa Chinatown.

Halafu ikaja Machi 2023. Mlikuwa na njia mbili mezani za kukijenga kituo kipya, Fifth Avenue na Fourth Avenue, na zote mbili zilikuwa na wapinzani wenye hoja. Mkapiga kura kupendelea ya tatu: vituo viwili, kimoja kaskazini ya mtaa, karibu na majengo ya serikali ya kaunti na Pioneer Square, kingine kusini yake, upande wa Dearborn. Katikati, penye watu, hapana kitu. Bwana Constantine, wakati ule ulikuwa mkuu wa Kaunti ya King na ulikuwa miongoni mwa walioisukuma hoja hiyo. Leo umekaa kwenye kiti cha kuitekeleza, ndiyo maana nimekutaja kwa jina tangu mwanzo.

Tazameni ramani yenu kwa macho ya mtu aliyepanda Tukwila. Leo anafika Chinatown bila kubadilisha chochote. Kwa mpango huu, treni yake itapita jirani ya mtaa ule isisimame ndani yake. Atashuka kusini yake au kaskazini yake, kisha atembee, au abadilishe treni na kurudi nyuma kituo kimoja. Mtu wa West Seattle na mtu wa Bellevue watashuka pale bila taabu. Mzee wa Kichina anayeishi huku kusini, Beacon Hill au Othello, ambaye daktari wake, kinyozi wake na wenzake wa kucheza karata wako kule chini, ndiye atakayebadilisha treni. Nani alikaa akapanga hesabu hiyo akaona imekaa sawa? Desemba 2025 mlifikisha reli Federal Way kupitia Kent, tukashangilia. Watu waliohamia huko kwa sababu ya kodi za nyumba za Seattle waliona jiji limewasogelea tena. Msiwape kwa mkono wa kulia na kuchukua kwa wa kushoto.

Najua mtaniambia: wenye mtaa wenyewe hawakutaka mchimbe. Ni kweli, na sitaki kupita juu juu hapa, kwa sababu kuna watu wa kusini wenzangu wanaowalaumu Wachina kwamba "wameikataa treni". Hawakuikataa treni. Waliomba wasichimbwe. Wapo waliosimama mbele yenu wakadai kituo kiende Fourth Avenue, wapo waliodai kitoke kabisa, na hao wa pili nawaelewa sana. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mtaa ule umeumwa mara nyingi.

Hesabuni pamoja nami. Wachina ni miongoni mwa waliojenga reli za eneo hili, ikiwemo Northern Pacific. Reli ilipokwisha na kazi kupungua, tarehe 7 Februari 1886 umati uliwaingilia majumbani ukawaburura hadi gatini, zaidi ya watu 300, wapakiwe melini waondoke. Waliorudi wakaanza upya. Wajapani wakajenga Nihonmachi, mtaa wao, mitaa michache tu kutoka hapo kituo kilipo, wakawa na hoteli, mabafu ya umma, magazeti. Mwaka 1942, wakati wa vita na Japani, amri ya rais ikawatoa wote, wakapelekwa kwanza kwenye viwanja vya maonyesho vya Puyallup, kisha jangwani Minidoka, Idaho. Panama Hotel, iliyojengwa 1910, ingali na masanduku yao chini yake. Waliyaweka wakidhani watarudi kuyachukua. Wengine hawakurudi. Mtu anaweza kunywa chai pale juu akatazama kupitia kioo sakafuni aone mizigo ya watu. Mimi nilitazama mara moja tu. Bibi yangu alikuwa na sanduku kama lile.

Miaka ya 1960 ikaja barabara kuu ya I-5, ikapita katikati ya mtaa kama panga. Nyumba zikavunjwa, upande mmoja ukabaki huku na mwingine kule, na leo watu wa Little Saigon, upande wa Wavietinamu, wanapita chini ya zege kwenda Chinatown. Nguzo zimepakwa rangi na samaki wa Kijapani, ni nzuri, lakini kelele za malori rangi haizizibi. Kisha 1972 wakaanza kujenga Kingdome, uwanja mkubwa wa michezo, mlangoni pa mtaa. Vijana wa Kiasia walikwenda siku ya kuzindua ujenzi wakarusha matope, na kilio cha maandamano yao kikawa kwamba wanataka humbao, hawataki hot dog. Humbao ni ule mkate laini wa kupikwa kwa mvuke wenye nyama ndani. (Wa nguruwe mimi siugusi, nachukua wa kuku.) Uwanja ulijengwa hata hivyo, ukabomolewa kwa baruti mwaka 2000, ukakaa miaka michache kuliko maumivu yake. Lakini kelele zile zilizaa kitu: nyumba za wazee, zahanati, bustani ya Danny Woo mlimani, na viongozi kama Bob Santos, aliyeitwa na wote Mjomba Bob hadi alipofariki 2016. Mwaka 1973 jiji likauwekea mtaa huo sheria maalum ya kuulinda.

Baada ya yote hayo, mnawajia watu hawa na mashine za kuchimba na karatasi inayosema ujenzi utachukua karibu miaka kumi. Mlitarajia wafurahi? Mgahawa wa baba na mama na binti, wenye meza nane, hauwezi kustahimili hata miezi sita ya uzio mlangoni. Na Mei 2023, miezi miwili baada ya kura yenu, shirika la taifa la kuhifadhi majengo ya kihistoria liliutaja mtaa huu miongoni mwa maeneo 11 yaliyo hatarini zaidi Marekani.

Lakini kutoka kwenye hofu hiyo mlifikia jawabu rahisi kupita kiasi: kama kuchimba kunauma, tuwekeni kituo kwingine. Kituo kikiwa kwingine kinauma pia. Tofauti ni kwamba maumivu yake hayapigi kelele. Hakuna uzio, hakuna vumbi, hakuna picha ya kuweka gazetini. Mteja wa Othello anaanza kuja mara mbili kwa mwezi badala ya kila wiki. Bibi wa Kent anaona ngazi zimekuwa nyingi, anaagiza mjukuu. Baada ya miaka mitano mwenye mgahawa anafunga na wote mnasema ni uchumi.

Mimi nimetoka mji ambao kituo kilihamishwa, nimeona. Reli ya Uganda ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, na kwa zaidi ya karne kituo kilikuwa mjini, ndani ya kisiwa. Ukishuka una Mwembe Tayari pale, una kahawa, una mahamri, una mtu wa kukubebea mzigo ambaye mnajuana. Mwaka 2017 ikaja reli mpya, Madaraka Express. Treni nzuri, safi, wala sisemi ubaya wake. Mama yangu mwenyewe aliipenda. Ila kituo chake kikawekwa Miritini, bara, nje ya kisiwa. Ilipofunguliwa, abiria aliyefika usiku alishuka kwenye jengo kubwa linalong'aa halafu akaanza kutafuta matatu ya kumfikisha mjini, akalipa tena, akachelewa tena. Kule Nairobi nako kituo kikawa Syokimau. Wahandisi walikuwa na sababu zao, na zote ziliandikwa vizuri. Mama Mwembe Tayari aliyekuwa akiwauzia abiria chai hakuandikwa popote.

Kwa hiyo mnaponiambia "ni mitaa michache tu", naomba mniwie radhi nisiposhawishika.

Mtaniuliza pia: je, kituo kikubwa cha kubadilishia treni hakiui mtaa wa namna hii? Kinaweza. Nendeni Washington, D.C., mkashukie Gallery Place-Chinatown. Ni kituo cha chini ya ardhi, laini tatu zinakutana hapo. Kilifunguliwa 1976, na jina la Chinatown likaongezwa 1986, mwaka ule ule lilipojengwa lango kubwa la rangi juu ya barabara. Mwaka 1997 ukaja uwanja wa michezo juu yake. Leo lango lipo, kituo kipo, na maduka ya kampuni kubwa yameandikwa majina yao kwa herufi za Kichina. Wachina wenyewe walikuwa maelfu, wamebaki mamia. Kodi za nyumba ziliwaondoa, na hakuna aliyezizibia mlango zisiingie. Hapo naona hatia iko kwa waliojenga kituo na uwanja kisha wakaiacha ardhi ijiamulie yenyewe.

Na Los Angeles? Little Tokyo walikuwa na kituo cha juu ya ardhi tangu 2009. Ulipokuja mradi wa kuunganisha laini za jiji, wakazi walipigana hadi treni ikaingia chini kabisa isikate makutano yao ya First Street na Alameda. Walishinda hilo. Gharama yake: kituo cha zamani kilifungwa Oktoba 2020 kikavunjwa, na kipya hakikufunguliwa hadi Juni 2023. Mwaka uliofuata, 2024, Little Tokyo nayo ikaingia kwenye orodha ile ile ya maeneo 11 yaliyo hatarini, kwa sababu kodi zinapanda na maduka ya zamani yanaondolewa. Walipata kituo kizuri, na bado wanahitaji ulinzi. Yote mawili lazima yaende pamoja, nami nawaomba msiniletee moja mkasema la pili ni kazi ya idara nyingine.

Mnao mfano wa hapa hapa nyumbani kwenu. Reli ya Rainier Valley mliipitisha juu ya ardhi, katikati ya Martin Luther King Jr. Way, ingawa wakazi walidai iende chini. Beacon Hill ilipata handaki, bonde likapata taa za barabarani na kengele. Ili kupoza machungu uliundwa mfuko wa dola milioni 50 kwa ajili ya jumuiya ya bonde. Zilisaidia wengine. Lakini waulizeni wenye maduka wa wakati ule, wengi wao Wavietinamu, ni wangapi waliosimama kwenye foleni ya fidia duka likiwa tayari limefungwa. Fidia inayofika baada ya mazishi huitwa rambirambi.

Basi nataka nini?

Kwanza Fifth Avenue iondoeni kabisa na kwa maandishi. Kuchimba mbele ya lango, kwenye mlango wa mtaa, ni jambo ambalo halikupasa hata kuchorwa.

Handaki la pili likijengwa, kituo kiwe Fourth Avenue. Najua matatizo yake, nimesoma. Barabara ile pale si ardhi, ni daraja, limejengwa juu ya mahali palipokuwa maji ya ghuba kabla ya kufukiwa, na kando yake zinapita reli za King Street. Itabidi daraja livunjwe na kujengwa upya, magari yatapata tabu, na bei itakuwa juu kuliko njia nyingine. Lakini vumbi kubwa litakuwa upande wa ofisi zenu na wa viwanja vya michezo, nje ya lango, na ujenzi ukiisha kutakuwa na kituo kimoja cha kweli: treni za kusini, za mashariki, za West Seattle, za Amtrak na tramu, zote ndani ya umbali wa kutembea kwa mtu mwenye fimbo. Union Station yenyewe, ukumbi ule mzuri uliokaa mtupu siku nyingi, itapata abiria tena. Mnaponiambia hiyo ni ghali, naomba mnionyeshe pia bei ya ile nyingine, mkihesabu dakika ambazo abiria wa kusini atazitembea kila siku kwa miaka mia. Dakika zetu hazina mstari kwenye jedwali lenu. Ziwekeeni mstari.

Na kama pesa hazipo? Maana mwaka 2025 mlitwambia gharama zimepanda kwa mabilioni, na yapo mazungumzo ya kuupunguza mpango mzima. Basi msijenge handaki la pili kwanza. Ziacheni treni za kusini zipite kwenye handaki tulilo nalo, zisimame pale zinaposimama leo. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wazee wa pwani, na hawakuwa wahandisi. Kufungwa kwa njia, uwezo wa mitambo ya ishara, msongamano wa Westlake, hayo ni matatizo ya kweli na mna watu wanaolipwa kuyatatua. Sharti langu moja ni kwamba, kwa vyovyote mtakavyoamua, mtu aliyepanda Tukwila, Othello au Kent asipoteze Chinatown kwa sababu mtu wa Ballard amepata treni. Nawatakia watu wa Ballard kila la heri, na treni yao waipate.

Kuhusu maduka: fedha za kuyasaidia ziwekwe benki kabla ya uzio wa kwanza kusimamishwa, na zilipwe kila mwezi kwa kuangalia mauzo yaliyopungua, bila fomu ya kurasa arobaini. Yeyote aliyewahi kujaza fomu za nchi hii kwa lugha ya tatu anajua ninachosema. Mimi mwenyewe, ofisi moja ambayo sitaitaja iliwahi kunirudishia maombi mara tatu kwa sababu nilitanguliza jina la baba. Na ardhi mtakayoichukua kwa ujenzi, ikibaki baadaye, isiuzwe kwa atakayetoa bei kubwa. Iwe nyumba za wazee wa mtaa na vyumba vya biashara vya kodi nafuu. Sheria inawaruhusu kufanya hivyo, na mmekwisha kufanya kwenye vituo vingine.

Jambo dogo la mwisho, ambalo kwangu si dogo: leteni mkutano mmoja jukwaani. Siyo ukumbini. Pale chini, saa kumi na moja alfajiri, wakati zamu zinapokutana. Utawaona wanaotoka hospitalini na wanaokwenda uwanja wa ndege wanapishana kwenye ngazi, Wahabeshi, Wafilipino, Wakongo, Wachina, wote wamebeba chakula kwenye mifuko ya plastiki ya duka moja. Msimamisheni mtu mmoja mmoja mkamuulize anashuka wapi na anakwenda kununua nini. Kwa saa moja mtajua mengi ambayo makaratasi ya miaka kadhaa hayakuwaambia. Mkalimani wa Kiswahili msimtafute, nitakuja mwenyewe, bure.

Nakala ya Kiingereza nitaileta Alhamisi ya mkutano ujao. Nikitoka zamu nitateremka kwa tramu hadi Jackson Street, ninunue nazi na samaki kwanza, kisha niipitishe mlangoni kwenu kabla sijashuka chini kupanda treni ya kurudi Tukwila. Mkikuta bahasha ina harufu, ni ya changarawe za barafu la samaki. Ifungueni tu.

Wenu,
abiria wa laini ya 1, Tukwila